Hata Pilato Alinawa

Ndugu zangu, leo nina mfano mchungu. Nisikilizeni.

Kulikuwa na mama mmoja kijana, mpangaji katika nyumba ya vyumba vingi na ua mmoja. Mwaka ule wa korona kila mlango ulikuwa na ndoo ya maji na kipande cha sabuni. Mtoto wake wa kwanza akatimiza miezi tisa, umri wa chanjo ya surua. Asubuhi akamwogesha, akampaka mafuta, akambeba mgongoni kwa kanga, akatoka.

Pale bombani wanawake wakaacha kufua. Mama mwenye nyumba akamsimamisha.

"Wapi tena, mwanangu?"

"Kliniki, mama. Leo ni sindano ya surua."

"Kliniki! Huko si ndiko wanakokohoa? Mtoto mzima, mnono, unampeleka akaokote maradhi uje utumalize? Ukitoka naye, usirudi humu."

Akawatazama wenzake. Hakuna aliyemtetea; wakarudia kufua. Wewe ungefanya nini, nawe huna pengine pa kulala? Akajiambia atakwenda hali ikitulia. Akarudi ndani, akamvua mtoto kofia.

Hali ikatulia kweli. Ndoo zikarudi jikoni, watoto wakarudi kucheza uani. Surua nayo ikaingia kabla hajafika kliniki, wala haikubisha hodi. Mtoto akatoka vipele, macho yakawa mekundu, kifua kikabana. Sasa ndipo alipokimbizwa hospitali, na hakurudi mzima.

Siku ya msiba ua ulijaa pomoni. Hakuna aliyeuliza nani anakohoa! Wale wa bombani ndio waliopika, na mama mwenye nyumba alilia kuliko wote. Akamkumbatia mfiwa, akamwambia, "Jikaze, mwanangu. Bwana alitoa, na Bwana ametwaa."

Yule mama akajitoa mikononi mwake.

"Bwana alitoa mtoto, mama. Akatoa na sindano. Mliotwaa ni nyinyi, pale bombani."

Sisi mstari huo tunaujua kwa moyo, sivyo? Tunausema makaburini kwa sauti nzuri. Ni mara ngapi tumemtwisha Mungu maiti tuliyoiua wenyewe, kwa maneno yetu, au kwa kunyamaza tukiendelea kufua? Mwaka ule tulinawa mikono asubuhi na jioni, tukajiona safi. Hata Pilato alinawa.

Kesho atapita mama mwingine na mtoto mgongoni. Mpisheni. Mkimzuia, msiniite kuja kuzika.