Jagi la Alfajiri

Mficha uchi hazai, walinena wahenga. Maana yake ni kwamba anayeona haya kumweleza shida yake mtu awezaye kumsaidia hujinyima msaada mwenyewe. Methali hiyo Fundi Rangi aliijua tangu shuleni na aliwasomea wenzake kila alipopata nafasi. Kujisomea mwenyewe, ng'o.

Alikuwa mpaka rangi wa majumba, mwembamba kama ngazi yake. Kwa miaka kumi na miwili utumbo wake mpana ulikuwa ukivimba na kutoa damu, ukitulia, ukianza tena. Kaka yake aliugua vivyo hivyo; saratani ikamwotea ndani kimyakimya, ikagunduliwa maji yalipokwisha kumfika shingoni. Ndiyo maana daktari alimtaka Fundi apimwe kwa kamera, ngozi ya ndani ya utumbo ikaguliwe pembe zote.

Sharti lilikuwa utumbo uwe safi. Alipewa dawa ya kuuosha, jagi moja jioni na jingine alfajiri. La jioni alilimaliza huku ameziba pua. La alfajiri lilimshinda. Baada ya bilauri mbili roho ilimchafuka, akachungulia chumbani, akaona mkewe bado amelala, akalimwaga lililobaki kwenye sinki.

Hospitalini alivishwa gauni la kufungwa kwa kamba mgongoni, upepo ukimpiga nyuma. Muuguzi wa makamo akaja na fomu.

“Baba, dawa ulimaliza?”

“Yote, dada. Hata tone halikubaki.”

Muuguzi alipoondoka, mkewe alisema polepole, “Asubuhi sinki lilinukia limau kama ile dawa yako. Na nyumbani hatuna limau.”

“Nyamaza, mke wangu. Wakijua watanirudisha nyumbani. Kilichobaki kilikuwa kidogo tu.”

“Kidogo? Si wewe juzi uliyemkwangulisha mwenzako ukuta mzima, kisa aliupaka rangi bila kuusugua?”

Hapo alimshika pabaya. Fundi alitazama vidole vyake vya miguu. Alimkumbuka kaka yake, ambaye kila alipoulizwa hali alijibu “sijambo” mpaka siku alipobebwa kwa machela. Aliogopa, tena aliogopa sana. Daktari alipoingia kumchukua, Fundi alisema kabla ulimi haujabadili nia.

“Daktari, nimedanganya. Jagi la pili nililimwaga.”

Daktari, kijana mpole, alivuta kiti. “Afadhali umesema, mzee wangu. Kwa mgonjwa kama wewe, kinachonitisha ni kidoa bapa kinachofanana na ngozi yenyewe. Humo ndani nanyunyizia rangi ya buluu ili kingo zake zionekane. Sasa pakiwa na uchafu...”

“Rangi inashika uchafu,” Fundi alidakia. “Hilo nakushinda kulijua.”

Hata muuguzi alicheka. Hawakumrudisha nyumbani, walimsogeza mwisho wa foleni, wakamletea jagi jipya. Alilinywa funda kwa funda, mkewe akimshikia bilauri na kumhesabia kama mtoto. Kwa saa kadhaa yeye na choo wakawa chanda na pete.

Alasiri alipimwa. Alipozinduka, daktari alimwonyesha picha: ukuta wa buluu, safi, na pembeni kidoa kisichozidi punje ya dengu.

“Kilikuwa mahali ambapo uchafu hupenda kutuama. Asubuhi nisingekiona. Nimekitoa chote, tumekipeleka maabara.”

Wiki mbili baadaye majibu yalitoka: hakikuwa saratani, ila kingeachwa kingegeuka. Fundi alilia waziwazi kwenye benchi, kwa furaha, bila kujali nani anamwona. Mkewe alimpa leso, naye machozi yakimlengalenga.

“Sasa twende nyumbani,” alisema. “Lile sinki bado linakungoja ulioshe.”

Aliliosha siku hiyo hiyo, akiimba. Na kila mwaka, siku ya kipimo, muuguzi akiuliza kama dawa imekwisha, Fundi humtajia mpaka funda lililomshinda, maana ameona kwa macho yake kuwa mficha uchi hazai.