Utando wa Sukari na Mstari Mmoja wa Fomu

Sogeeni, mnisaidie kesi hii, maana mimi imenishinda.

Katika maabara ya chuo kimoja walifanya kazi watu watatu. Magesa alikuwa bingwa wa kuunganisha kemikali. Mwanakheri alikuwa na mkono usiotetemeka. Bi Tabu, fundi sanifu wa siku nyingi, hakupitwa na kasoro. Walitaka kutengeneza utando wa kaboni wenye unene wa molekuli moja tu, wa kutandazwa juu ya kioo ili unase vimelea vya kipindupindu katika maji ya kisima.

“Kaboni na maji havipatani,” alisema Profesa Lukindo, mkuu wao. “Acheni.”

“Hatuachi,” alijibu Mwanakheri.

Magesa akachukua molekuli za kaboni zenye umbo la kizimba cha mviringo, akazipachika sukari, maana sukari hupenda maji. Miezi minane alikosea. Wa tisa akapata.

Mwanakheri akadondosha myeyusho ule juu ya maji kwenye sinia, tone baada ya tone, akazisogeza molekuli taratibu mpaka zikabanana bega kwa bega. Akachovya kioo, akakipandisha polepole hata shingo ikamkakamaa. Utando ukachanika. Alirudia mara arobaini.

Bi Tabu akaweka kiganja mezani. “Mwanangu, meza inatetemeka. Ni pampu ya maji huko nyuma.” Akaenda kuizima. Jengo zima likakosa maji, Profesa akaja juu.

“Foka tu, Profesa. Siiwashi.”

Alasiri ile kioo kikatoka na utando mzima. Wakakijaribu. Kikanasa vimelea!

Basi ikajengwa maabara mpya, akatakiwa mkuu mmoja. “Nitaandika Magesa au wewe,” Profesa alimwambia Mwanakheri, fomu ya uteuzi ikiwa mbele yake. “Bi Tabu ni fundi tu.”

Mwanakheri aliitamani nafasi ile kuliko kitu chochote. Hata hivyo uso ulimwaka kwa hasira, akaivuta fomu. “Asipohesabiwa yeye, nasi usituhesabu.”

“Hata mimi,” akasema Magesa.

Profesa akanywea. “Haya, wote watatu mnahesabiwa. Lakini mstari wa jina ni mmoja. Chagueni wenyewe.”

Wakatazamana. Kila mmoja aliitaka nafasi ile, na hakuna aliyekuwa tayari kujidai hana haki.

Bila Magesa, kaboni isingekubali maji. Bila Mwanakheri, utando usingepanda kwenye kioo. Bila Bi Tabu, ungekuwa unachanika mpaka leo. Kalamu ndiyo hii. Je, wewe ungeandika jina la nani?