Deraya ya Bwana Kiboko

"Ngano iingie?"
"Iingie!"
"Ina uongo ndani yake!"
"Iingie nao!"
"Ina aibu pia!"
"Ya nani?"
"Si yenu. Kaeni chini."

Hapo kale, tena si kale sana maana sinema zilikuwapo, wanyama wa bondeni walikuwa na banda lao la filamu. Mwenye banda alikuwa Kindi, kanyama kadogo, mkia mkubwa, mdomo mkubwa zaidi. Filamu zilikuja na lugha za ng'ambo, naye Kindi husimama kando akizitafsiri neno kwa neno.

Bwana Kiboko ndiye aliyekuwa mkaguzi. Watoto hungoja nje, yeye huingia kwanza, hutazama, kisha hutoka na kusema: inafaa, au haifai. Kiingilio kilikuwa bakuli la karanga, na karanga zote humwagwa kwenye kapu moja. Filamu ikifaa, watoto huingia wakazila pamoja. Isipofaa, watoto hurudi kwao, na kapu humbakia mkaguzi kwa usumbufu wake.

Basi filamu ya kwanza haikufaa. Ya pili haikufaa. Ya tatu ilikuwa ya konokono wanaovuka njia, nayo haikufaa.

Jumamosi asubuhi ikaja filamu ya nne, kichekesho cha enzi za wafalme na ngome za mawe. Watoto wakajaa mlangoni, na mbele kabisa alikaa Siwema, mjukuu wa Kiboko. Tangu jana alikuwa akijisifu: "Babu yangu anajua maneno yote ya duniani!"

Kiboko alimsikia, akavimba kwa raha. Kati ya wote, Siwema ndiye aliyemwamini hasa. Akaingia, akaketi, puu! Akavuta kapu.

"Kuna damu?" akauliza.

"Ni maji ya nyanya, mzee," akajibu Kindi.

"Kuna mabusu?"

"Mfalme anambusu bata bukini. Kwa makosa."

"Hmm!" Kiboko akatia kichwa kapuni. Kacha, kacha, kacha!

Filamu ikaanza. Shujaa mmoja amekwama ndani ya nguo zake za chuma, na ufunguo umemezwa na bata. Jeshi zima likamkimbiza bata, kang'arang, kang'arang! Mfalme akateleza kwenye uji, malkia akateleza juu ya mfalme. Kiboko hakuona hata kimoja. Kacha, kacha, kacha!

Kindi akamtazama, akacheka kimoyomoyo. Akachagua neno moja la vitabu vya vita vya zamani, akalitamka polepole: "Sasa shujaa anavua deraya mbele ya malkia!"

Kacha ikakoma. *Deraya?* Kiboko hakulijua neno hilo. Angeweza kuinua kichwa akatazama, lakini mdomo ulikuwa umejaa. Angeweza kuuliza, lakini mkaguzi aulizeje? Akawaza: kinachovuliwa mbele ya malkia hadi kikatangazwa, hakiwezi kuwa kofia. Uso ukamwaka moto.

"Simamisha!" akanguruma, akatoka nje mbio. "Watoto, haifai! Mtu anavua deraya hadharani!"

Watoto wakashusha pumzi, hooo. Kindi akatoka nyuma yake kwa adabu zote.

"Samahani, mzee. Ubaya ni kuivua tu?"

"Ndiyo! Asiye na deraya asikae mbele ya watoto!"

"Hata akiwa mfalme?"

"Hata akiwa mfalme!"

"Hata akiwa mkaguzi?"

"Hata mimi!"

Siwema akainua mkono. "Babu, deraya ni nini?"

Hapo, wenzangu, palikuwa na mlango wa kutokea. Neno lenyewe fupi: sijui. Likampanda Kiboko hadi kooni. Akawatazama watoto, akamtazama Siwema, akalimeza pamoja na karanga.

"Ni jambo la wakubwa," akasema. "Nguo ya ndani ya heshima. Mimi huvaa kila siku. Hata sasa ninayo! Bibi yako ndiye huifua."

Kindi akafungua mlango wazi. Kwenye pazia la filamu picha ilikuwa imesimama: shujaa kafunikwa chuma kuanzia utosini hadi kwenye vidole, anang'aa.

"Watoto," akasema Kindi, "ile ndiyo deraya. Vazi la chuma la vitani."

Kicheko kikapasuka, kwaa! Mtoto wa Kima akaanguka chini. Mtoto wa Swala akalia machozi. Kiboko akatamani mto umjie pale pale aliposimama.

"Mkaguzi katoa sheria," akasema Kindi, akajifunga kifuniko cha sufuria kifuani, kang! "Mimi yangu hii. Pale shujaa anapoivua, nitaziba kwa mkia. Mzee, yako iko wapi?"

Kiboko akajitazama tumbo. Akaachia kapu. Akazunguka nyuma ya banda akaketi matopeni, aibu imemjaa hata masikio yanamwasha.

Ndani watoto walicheka hadi ukuta wa matete ukatikisika. Mwishowe akasikia mtoto wa Swala akiuliza:

"Siwema, yule mzee wa deraya si babu yako?"

Kiboko akazuia pumzi.

"Nani, yule?" akasema Siwema. "Simjui."

Na mafunzo yake ni haya, watoto wazuri: ukikutana na neno usilolijua, usiulize. Kunja uso, lipige marufuku, endelea kula. Mimi nimefanya hivyo miaka yote na mnaniona nilivyo na heshima. Hiyo deraya yenyewe nimeambiwa jana.

Ngano yangu imetua. Iliyowachekesha ichukueni. Iliyowachoma, niachieni, ninajua ni ya nani.