Pikapu la Gwandu na Vitunguu vya Mzee Lohay

Ukiinua gari, shusha rumbesa. Mliyasikia jana pale jirani yetu Tippe alipomwambia kaka yenu Emanueli, ambaye amechaguliwa mwenyekiti wa kitongoji na bado anataka kubaki mweka hazina wa kwaya na kocha wa timu. Mlicheka, halafu mkaja kuniuliza gari linahusiana vipi na kwaya. Haya, sogeeni. Maneno hayo yalipotamkwa mara ya kwanza mimi nilikuwepo, humu humu bondeni kwetu Endamasi, na ilikuwa hivi.

Gwandu ndiye aliyekuwa na gari peke yake upande huu wa juu wa bonde. Lilikuwa pikapu jeupe, alilinunua likiwa limeshachoka, lakini kwetu lilikuwa gari la kila kitu. Lilibeba vitunguu kwenda sokoni, likabeba bibi harusi, likabeba wagonjwa, na siku nyingine likabeba jeneza. Mkewe alikuwa Paskalina, mtoto wa dada yangu, kwa hiyo mimi ni mama yake mdogo.

Shida ilikuwa barabara. Mvua zikinyesha, malori ya vitunguu yanachimba mifereji miwili ya tairi, na katikati linabaki tuta gumu. Lori linapita. Pikapu likifika hapo linalikalia tuta kwa tumbo, tairi zinazunguka hewani kama miguu ya mende aliyelala chali. Watu wanakuja na majembe, wanachimba, wanasukuma, wanachekana.

Mwaka mmoja hawakuchekana. Paskalina alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza, wakampakia, na gari likakalia tuta chini ya shule. Walichimba kwa majembe na kwa mikono. Walipolitoa, mtoto alikuwa ameshazaliwa mle mle ndani ya gari, na hakulia. Gwandu alimzika mwenyewe. Paskalina alipopata mimba nyingine, nilimsikia Gwandu akisema neno moja tu: "Gari hili halitakalia tumbo tena."

Siku Paskalina alipokwenda kliniki mjini, tulikwenda wote watatu, na Gwandu akapitia kwa Fundi Chedieli. Mimi na Paskalina tulikaa juu ya tairi kuukuu tukiwasikiliza.

"Nina seti mbili za springi na shokapu zake," fundi alisema. "Hii inainua gari inchi mbili, hii inchi nne. Kwa kazi zako mbili zinatosha."

"Tuta la kwetu unalijua?" Gwandu aliuliza.

"Ninalijua kwa makovu. Magari yote ya bonde lenu yanakuja hapa yamekwaruzwa matumbo."

"Basi nipe nne."

Fundi alijikuna shingo. "Nne nitakufungia, gari ni lako. Ila uelewe kitu kimoja. Mtu mrefu aliyebeba mtungi kichwani akiinama kidogo tu, mtungi unaenda mbali. Gari nalo ni hivyo. Likiwa refu, mzigo usipite paa lake. Na pale barabara inapolala upande, nenda pole pole."

"Usipite paa. Sawa, fundi."

Paskalina akaliangalia lile gari, akajiangalia na tumbo lake. "Na mimi nitapandaje? Mtanitafutia ngazi ya kupaulia?"

"Mumeo atakubeba, mama," fundi akamjibu. "Si ndiye anayetaka urefu?"

Tulicheka, Gwandu naye akacheka. Aliposema sawa hakuwa anadanganya. Alikuwa na nia ya kulishika lile neno. Lakini kusema sawa gereji ni kitu kimoja, na kuishi na majirani ni kitu kingine.

Tuliporudi kijijini watu walitoka kulitazama. Wakasema gari limeota miguu. Watoto wakapita uvunguni bila kuinama sana, wakafukuzwa, wakarudi. Na kwenye tuta, gari lilipita kama mtu anayevuka kijiti. Hata waliokuwa wamekuja na majembe yao kwa mazoea walirudi nayo mabegani. Nadhani siku hiyo Gwandu alilala usingizi.

Kisha vitunguu vikaiva. Rumbesa mnaijua, lakini ya siku hizi ni ndogo. Enzi zile gunia likijaa mpaka mdomoni halikuhesabika limejaa. Lilivishwa wavu juu, likaongezwa vitunguu, likashonwa mpaka likawa na kilemba kikubwa kuliko kichwa cha ng'ombe. Gunia lililofungwa sawasawa na mdomo wake tuliliita gunia la yatima, maana halina mtu wa kulivisha. Ukipeleka gunia la yatima sokoni watu wanakuuliza kama nyumbani kuna msiba.

Gwandu alijaribu kukataa. Alisema fundi kamwambia mzigo usipite paa. Walimsikiliza, kisha mmoja akamuuliza, "Gwandu, ulipokuwa na gari fupi ulinibebea rumbesa yangu. Leo umepanda juu hunijui?" Utamjibu nini mtu aliyechimba tuta kwa mikono siku ile ya mkeo? Akapakia. Na sisi wote tulifikiri vibaya namna moja: tuliona urefu tukadhani ni nguvu. Mwaka ule magunia yalipangwa juu zaidi kuliko wakati gari lilipokuwa fupi. Kwenye njia iliyonyooka halikutokea lolote, na lile neno la fundi likafifia.

Chupa ya uzazi ya Paskalina ilipasuka asubuhi moja, siku zake zikiwa hazijatimia sawasawa. Gari lilikuwa uani limeshapakiwa vitunguu vya Mzee Lohay. Lohay ni kaka wa baba yake Gwandu, ndiye aliyemlea baada ya baba yake kufariki, ndiye aliyempa ng'ombe wa mahari. Gwandu aliposhika kamba afungue mzigo, mzee akamzuia.

"Mwanangu, kuyashusha haya ni kazi ya kutwa, na mgonjwa hasubiri. Njia ni moja. Twende hivi hivi."

Ilikuwa na akili, kwa mtu mwenye haraka. Tukampandisha Paskalina kwa kigoda, mimi nikakaa naye mbele, mzee akashika vyuma nyuma. Mawingu yalikuwa yamekaa mlimani, upande maji ya korongo yanakotoka.

Tuta tulilipita. Tumbo la gari halikugusa kitu, na Gwandu akapapasa usukani kama mtu anayempapasa fahali wake. Tukashuka korongoni, tukavuka mchanga. Sasa kutoka korongoni upande wa pili barabara haipandi moja kwa moja. Inapita ubavuni mwa ukuta wa udongo, na yenyewe imelala upande, inaangalia kule chini ulikotoka. Gari lilipoanza kupanda pale nilisikia kamba zinalia. Magunia yaliegemea upande mmoja pamoja na vilemba vyake, na gari likayafuata. Dirishani kwangu sikuona barabara tena, niliona mchanga tu. Tairi la upande wa juu likaacha ardhi.

Gwandu alikanyaga breki. Akarudi nyuma kidogo kidogo, anapumua kwa mdomo, mpaka tairi zote zikawa chini.

Mzee Lohay akaja dirishani. "Jaribu tena, ushike ukingo wa juu. Mimi nitaning'inia upande huo niwe uzito."

"Baba, uzito wako ni koti na fimbo."

"Basi mkeo avuke kwa miguu, wewe ujaribu na gari."

Hapo mimi nikasema, "Hawezi hata kusimama, mzee. Na gari likilala humu, tukimfikisha juu tutampandisha nini? Hospitali iko mbali."

Gwandu alishuka, akashika ncha ya kamba. Akabaki ameishika tu, anamtazama aliyemlea. Sote tulijua. Kule mlimani mvua ilikuwa imeshaanza kuanguka, na magunia yakishushwa korongoni maji yatayachukua. Mzee akasema taratibu, bila ukali, "Hivi ndivyo vitunguu vyangu vyote vya mwaka huu, Gwandu. Sina vingine shambani."



Sasa ninyi mmekulia mambo ya leo, lazima niwaambie. Kwetu mke wa mtu hakuwa akibishana na baba mkwe. Hamtazami usoni, na akiwa na neno analipitisha kwa mtu mwingine. Paskalina alikuwa ameng'ata kitenge. Akakitoa mdomoni. Alitazama kioo cha mbele, wala si mzee, akasema na mumewe.

"Gwandu. Gari hili uliliinua kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yako. Na mtoto."

"Basi kama umeliinua, shusha rumbesa. Vyote viwili huwezi kuwa navyo." Akarudisha kitenge mdomoni.

Gwandu hakusogea. Mzee Lohay naye alisimama pale, amesikia neno ambalo hakuambiwa yeye. Alitazama mlimani, akatazama magunia yake, akainama akaweka fimbo chini.

"Fundo hili nani kalifunga?" aliuliza.

"Wewe, baba."

"Basi nipishe, huliwezi."

Akalifungua mwenyewe. Magunia yakaporomoka, vilemba vikapasuka, vitunguu vyekundu vikatapakaa kwenye mchanga mpaka miguuni mwake. Alimsukuma Gwandu kwa kiganja. "Nendeni. Mimi nitaburuta nitakachoweza."

Gari likapanda. Liliegama kidogo, kama mtu anayesikiliza, na tairi zote zikabaki ardhini. Tuliwahi. Mtoto wa kike alizaliwa mchana ule, na alilia mpaka muuguzi akacheka.

Gwandu aliporudi, korongo lilikuwa limeshashusha maji na kutulia. Vitunguu vilikuwa vimekwama kwenye matope na miiba mbali kabisa huko chini. Alimkuta mzee nyumbani, koti limelowa, magunia machache ya yatima yameegemezwa ukutani.

"Analia?" Mzee Lohay aliuliza.

"Analia, baba."

"Basi." Akaomba moto wa kujikausha.

Mwaka ule alikula kwa kusaidiwa, na hakuficha. Watu walipokuwa wakinywa walibishana sana. Wengine walisema Gwandu angefunga zile springi fupi. Wengine walisema mzee ndiye aliyeharakisha. Lohay aliwaacha wachoke, kisha akasema, "Springi hazikukosea. Vitunguu havikukosea. Sisi tulitaka gari lipite juu ya tuta, halafu tukataka libebe kama siku zile lilipokuwa chini. Mkwe wangu aliniambia bila kuniambia: ukiinua gari, shusha rumbesa."

Msimu uliofuata alileta magunia yake yameshonwa sawasawa na midomo. Kijana mmoja akamtania, "Mzee, umeanza kulea yatima?"

"Yatima ni yule ambaye baba yake alilaliwa na gari," alimjibu. "Pakia."

Wengine wakaanza kumfuata, si wote, na si kwa siku moja. Neno lenyewe ndilo lililokwenda mbele. Mtu akipata shamba la pili akaanza kukosa muda wa watoto wake, anaambiwa. Binti akiolewa akataka kila Jumamosi awe kwa mama yake, anaambiwa. Hata mimi nilipoongezewa miaka niliambiwa, nikaacha kubeba kuni.

Mtaniuliza, kwa nini basi Gwandu hakurudisha gari likawa fupi? Hakuna aliyemwambia alirudishe. Tuta lilikuwa bado lipo, na mtoto wa kwanza alikuwa bado amelala pale alipomlaza. Urefu ule aliuhitaji. Aliyetaka kupita juu alikuwa na haki ya kupita juu. Kilichombidi ni kujua, kabla hajafika kwenye ubavu wa korongo, kitu gani atakifungulia kamba, na kukifungua hata kama ni cha mtu anayempenda.

Ukiinua gari, shusha rumbesa.