Mfuko Ulioshonwa kwa Mwiba

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mmekabwa? Tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia.

Hapo zamani za kale, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, miiba ya Nungunungu ilisimama ikakataa kulala.

Saa nne hiyo Ngiri alifika mlangoni. Ngiri alikuwa mkopeshaji. Chausiku, mtoto wa Nungunungu, alipougua, Ngiri alimkopesha mama yake gunia moja la mihogo. Sasa anataka mawili. Akapaza sauti, majirani wasikie:

"Mama Chausiku! Kula unajua, kulipa hujui?"

Cha! Miiba ikasimama. Ngiri akaondoka, miiba haikulala. Nungunungu akanywa maji, haikulala. Akajinyoosha chini, haikulala.

Saa ya kulala ikafika. Chausiku akaja kujibanza kwa mama yake, kama kawaida.

"Mama! Unanichoma!"

Mtoto akalala peke yake kwenye kona ya shimo, akitetemeka kwa baridi. Mama akawa anamtazama tu.

Siku zikapita. Usingizi hauji. Chakula hakipiti. Kikoba chao, kile chama cha kuweka hisa na kukopeshana, hukutana kila Jumamosi, Nungunungu haendi. "Hisa sina," alijisemea. "Uso nitauweka wapi?"

Jumamosi moja akamwona Bi Nguchiro, mwenyekiti wa kikoba, anakuja. Nungunungu mbio! Akajitosa kichakani, akatulia. Lakini miiba haikutulia. Cha-cha-cha! Cha-cha-cha!

"Ala!" Bi Nguchiro akasimama. "Kichaka hiki kimeanza lini kupiga kayamba?"

"Hakuna mtu humu!"

"Na huyo anayejibu? Toka, shoga yangu."

Nungunungu akatoka. Alitaka kudanganya, machozi yakamtangulia. "Mwanangu hawezi kunisogelea," akasema. Akaeleza yote: gunia, Ngiri, usingizi. Kisha akasema polepole, "Siku nyingine natamani nisiamke."

Bi Nguchiro hakutania tena. Akamshika mkono. "Twende kwa Korongo. Sasa hivi."

Korongo alikuwa mhudumu wa zahanati. Aliinamisha shingo yake ndefu, akasikiliza mpaka mwisho. Hakumkatiza hata mara moja.

"Nimerogwa?" Nungunungu akauliza.

"Hujarogwa. Wala si mvivu. Mawazo yamekuzidi mpaka yamekuwa ugonjwa, na ugonjwa huu una tiba. Utakuja kwangu kila Alhamisi, tuzungumze. Lile wazo la kutoamka likirudi, usingoje Alhamisi. Njoo saa hiyo hiyo."

Wakatoka hapo, wakaenda kikobani. Nungunungu akagoma mlangoni. "Sina hisa, jamani."

"Nani kakuuliza hisa?" Bi Nguchiro akaweka katikati mfuko wa jamii, mkuukuu, umetoboka kitako. "Kila Jumamosi ulikuwa unatupia muhogo humu. Ulidhani mfuko huu ni wa nani?"

"Wa wenye shida."

"Na wewe ni nani?"

Nungunungu akaingia, akaketi. Miaka yote alitoa, hakuwahi kufikiri kwamba na yeye yumo.

Wakamchangia nusu gunia. Wakamwita Ngiri. Ngiri akabwata, akapiga kwato chini. Kikoba kizima kikamkazia macho. Mwishowe akakubali: gunia ni moja, nusu leo, nusu kidogo kidogo.

Je, miiba ililala palepale? Wapi! Alhamisi ya kwanza, ililala michache. Ya pili, ikasimama tena, Nungunungu akalia. Korongo akamwambia, "Njoo tena." Akaenda tena. Baada ya Alhamisi kadhaa, Chausiku akanyata, akanyoosha mkono, akagusa. Hakuchomwa. Akajibanza kwa mama yake, akalala fofofo.

Fundisho nalitoa sasa, kabla hamjasinzia. Deni likikunyima usingizi, usijifiche. Mwambie mtu. Nenda zahanati. Rudi kwa wenzako, maana ulichowawekea wengine ni chako pia.

Na kesho yake asubuhi? Nungunungu aliokota mwiba wake mmoja uliodondoka. Akautoboa tundu nyuma, akapitisha uzi wa katani. Akaenda kwa Bi Nguchiro, akaomba ule mfuko wa jamii, akaushona kitako.

"Ahsante, Mama Chausiku," akasema Bi Nguchiro.

"Mimi ndiye wa kushukuru," akajibu, akakaza fundo.

Ngano yangu nimeilaza hapo, na miiba yake yote imelala.