Fimbo za Posa Zilizosimama Kabla ya Lango

Paukwa!

Pakawa!

Sauti gani hiyo, kama ya mtu aliyeitwa intavyu na nauli hana? Paukwa!

Pakawa!

Turubai?

La mwenye mvua!

Fimbo?

Ya mwenye mlima!

Haya, sasa mmeamka. Sogeeni motoni. Na wewe Nasike, acha kukichokonoa hicho kiazi, hakijaiva.

Zamani za kale, wanyama walipooana bila kuulizana kabila, Nguchiro wa bondeni alimpenda binti wa Mzee Pimbi. Mzee huyu aliishi juu kabisa mlimani, kwenye miamba. Yeye mfupi, masharti yake marefu. Akasema, "Mahari ni chumvi, gunia moja. Ifike kavu. Ikilowa, rudi nayo kwenu mkaungie mboga."

Na mila ya mlima huo ilikuwa hii: mchumba hupanda na fimbo mbili za kutembelea, na hazisimamishi popote ila langoni kwa wakwe. Fimbo ikikanyaga na kuinuka, sawa. Ikichomekwa ikasimama peke yake, mchumba amefika. Na aliyefikia porini, basi ameoa pori. Final.

Nguchiro akabeba gunia mgongoni, akalifunika turubai. Akafuatana na marafiki zake, Fisi na Korongo. Wakapanda, wakapanda, wakapanda. Miti ikaisha. Zikabaki nyasi na mawe. Mara wingu jeusi likaja, na upepo ukaanza kulifunua gunia.

"Tutundike turubai!" akalia Nguchiro. "Chumvi yangu!"

"Tulitundike juu ya nini?" akauliza Fisi. "Hapa hata mti wa kujikunia mgongo hakuna."

"Sasa tufanyeje?"

"Niachie mimi. Nitalishika kwa meno."

Fisi akalishika kwa meno. Upepo ukamtekenya ubavuni. Akajizuia, akajizuia, akacheka. Turubai chwaa, likaangukia matopeni.

"Toka hapo," akasema Korongo. "Kusimama ni profession yangu. Nina experience."

Korongo akasimama kwa mguu mmoja, turubai kichwani, shingo imenyooka kama mlingoti wa bendera. Paa likapendeza kweli! Kisha mguu ukamchoka. Akabadilisha mguu. Paa likalala.

"Experience ya muda gani hiyo?" akauliza Fisi.

Matone ya kwanza yakaligonga gunia. To! To! To! Nguchiro akaziangalia fimbo zake mbili.

"Usithubutu, bwana harusi!" Fisi akapiga kelele. "Utaoa pori!"

"Pori halijaniomba chumvi," akajibu Nguchiro. "Na hii ikilowa, sioi chochote."

Akachomeka fimbo ya kwanza, ikasimama. Akachomeka ya pili, ikasimama. Akatandaza turubai juu yake, akavuta kamba huku, akavuta kamba kule, akazifunga kwenye mawe mazito. Upande wa upepo akaushusha mpaka chini. Turubai likakaza kama ngoma. Gunia likaingizwa ndani, nao watatu wakabanana kando yake. Mvua ikafunguka.

Kule juu Mzee Pimbi akaona. Akateremka mbio, binti yake nyuma.

"Fimbo zimesimama!" akafoka. "Umefika! Hongera, umefika matopeni! Posa imekufa!"

"Shikamoo, baba mkwe," akasema Nguchiro. "Karibu ndani, unalowa."

"Sikuja kukaa mimi!" Maji yakamwingia sikioni. Akainama, akaingia. "Nimeingia ili nikufukuze vizuri."

Fisi akajiuma ulimi. Kucheka hapo, ndoa imekwisha.

Binti akabaki nje, mvua inamchuruzika. "Baba," akasema, "ukitaka kumfukuza, mfukuze ukiwa huku nje. Mgeni hamfukuzi mwenye paa."

Mzee Pimbi akaitazama mvua. Akalitazama paa. Akalitazama gunia.

"Hii chumvi mnasema ni kavu?"

"Onja, baba," akasema Nguchiro.

Akalamba. Akalamba tena. Akalamba mara ya tatu, na hiyo haikuwa ya kuonja.

Akakohoa kidogo. "Nani aliwaambia lango langu liko kule juu? Lango langu ni hapa. Liko hapa tangu babu yangu. Binti, ingia basi, unatuletea maji ndani! Mumeo atapata mafua."

Ndivyo Nguchiro alivyooa. Na tangu siku hiyo, pimbi akiona wingu tu, hutafuta pa kujificha kwanza, ubishi baadaye.

Mila ni fimbo, jamani. Ikusaidie kupanda. Mvua ikija, isimamishe ikusitiri, maana hata walioitunga hawapendi kulowa.

Hadithi yangu naikunja hapa. Kama imevuja, mlaumuni aliyekaa upande wa upepo. Na nyinyi mashangazi mnaoniuliza nitaoa lini na digrii yangu: chumvi ninayo, ya kijiko kimoja. Nitafutieni mkwe asiyependa chakula chenye ladha.