Pilipili za Pimbi, Mawe ya Nyani

Hadithi iko mlangoni.
— Ifungulieni iingie.
Imekuja na baridi yake.
— Isogezeni motoni.

Vema. Ila kabla haijaketi, niseme langu. Mwaka juzi nilichuma pilipili kwenye bustani ya mtu. Saba, nyekundu, bila kuomba. Alipouliza, nikamjibu, "Ni ndege hao." Kwa Mungu nimeshatubu. Kwa mwenyewe bado, na mwenyewe yumo humu ndani. Msitazamane. Nisikilizeni.

Hapo kale, huko juu milimani ambako ukungu huamka kabla ya watu, aliishi Pimbi. Mdogo hivi, mnene hivi, hana hata mkia wa kujivunia. Siku moja rafiki yake Chiriku alipanda kutoka kule chini kwenye joto, akamletea mbegu.

"Panda hizi. Ni pilipili. Tamu sana."

Pimbi hakuwahi kulima hata kiazi. Akazifukia shambani mwezi wa sita, baridi ikazimaliza zote. Chiriku akaleta nyingine. Safari hii Pimbi akatia udongo kwenye kigae, akakiweka juu ya mwamba anapoota jua kila asubuhi. Jua likizama, mwamba bado una joto. Mwamba ukipoa, Pimbi mwenyewe anakilalia kigae ubavuni. Siku ya ishirini, chipu, chipu, miche ikatoka.

Akaihamishia chini ya mwamba, miche kumi na mmoja. Ikakua, ikachanua, ikazaa. Ilipoiva ya kwanza, Pimbi akaitazama sana. Huyu Chiriku anasema tamu, mbona jicho lake linacheka? Akaigusa kwa ncha ya ulimi.

Haa, haa, haa. Akaenda kuulamba mwamba.

Chiriku akameza tatu palepale, wala hakukohoa. "Sisi ndege hatusikii kitu," akasema. Pimbi akaliweka neno hilo moyoni.

Sasa mwezi wa sita ulikuwa unarudi. Upepo wa mlimani ulipita palepale kwenye miche, na bila ukuta wa mawe ungeiua yote, kazi ya mwaka mzima. Mawe yalikuwepo, tisa, huko chini ya mteremko. Pimbi alisukuma moja tangu asubuhi hadi adhuhuri. Halikusogea hata kwa adabu.

Huku nyuma Nyani alikuwa anamchungulia. Nyani mwenye nguvu, Nyani mwenye tumbo, aliyekwisha kumaliza maharage ya kila mtu. Kila jioni alimwona Pimbi akifunika miche kwa majani. Nyani akawaza: hakuna anayefunika kitu kibaya. Akashuka.

"Mpwa wangu, unaficha nini?"

"Sifichi, mjomba. Ni dawa ya baridi. Lakini haikufai wewe."

"Hainifai kwa nini?"

"Ina moto. Itakuchoma."

Nyani akakunja uso. Huyu anayesema itanichoma anataka kula peke yake.

"Mimi sidanganyiki hivi hivi," akasema. "Onja wewe kwanza."

Hapo Pimbi akabanwa. Kwa kuwa hakuwa amejiandaa, alisema la kwanza lililomjia.

"Mimi nimeshaonja yangu, mjomba, na ulimi wangu unaijua. Si unaona ninavyotoka jasho kwenye baridi hii? Kama huniamini, mtazame Chiriku."

Chiriku akatua. Akameza moja, chiri. Akameza mbili, chiri. Akameza tatu, chiri chiri. Hakupepesa jicho.

"Kumbe," akasema Nyani. Akachuma kiganja kizima, akatia kinywani. Kacha, kacha, kacha.

Akatafuna tena.

Haaa. Akazitema palepale, akakimbilia kijito, gudu gudu gudu. Haaa. Akafuta machozi kwa mkono uleule. Haaaaa.

"Mpwa wangu, umeniua."

"Nilikukataza, mjomba. Ila moto huo hutoka kwa jasho. Kabebe jiwe kule chini, ulilete hapa."

Nyani akamtazama kwa jicho moja, lile lililokuwa bado linafunguka. "Jiwe na ulimi wapi na wapi?"

"Basi usibebe."

Nyani alibeba. La kwanza, puu. "Umepungua?" "Kidogo." La pili, puu. "Umepungua?" "Kidogo." La tano, puu. La nane, puu. Hapo Nyani akasimama.

"Mbona mawe yote unayataka upande wa upepo?"

"Mjomba, wewe ni mgonjwa au fundi?"

Nyani akaenda kuchukua la tisa. Alipolitua, moto ulikuwa umeisha, kama ambavyo ungeisha hata angekaa tu. Akasema asante, akaondoka, akageuka mara tatu kutazama ule ukuta. Hakurudi tena, hata kwa salamu.

Mwezi wa sita ukaja. Upepo ukapiga mawe, vuuu, ukapita pembeni. Miche kumi na mmoja ikabaki imesimama, na pale Nyani alipozitema pilipili, ikaota mingine minne.

Hadithi imeota moto, sasa inaaga.
— Isindikizeni mpaka njiani.

Funzo lake: mwizi akiingia bustanini kwako usimfukuze. Mtazame kwanza kama ana mgongo wa kubebea mawe.

Mama Hoza, zile saba nilichuma mimi, si ndege. Ukuta wako wa juu umeanguka tangu masika, na baridi ndiyo hii. Naomba uniruhusu nije kesho asubuhi niusimamishe.